Jibu: Tawi limeangukia 504 yangu, bima wanasema ni gari kuukuu

Habari ndugu, na pole sana. Nimekuelewa hivi: dhoruba imeangusha tawi la mwembe juu ya Peugeot 504 yako hapo Kisumu, na kampuni inataka kukulipa bei ya gari kuukuu kisha ichukue mabaki.

Kwanza soma mkataba wa bima. Kama ni thadi pati, yaani bima ya hasara unazowasababishia wengine, gari lako mwenyewe halilipwi. Kama ni komprehensivu, yaani ile kubwa inayolipa hata gari lako, angalia kama dhoruba imetajwa, na kama thamani ni ile mliyokubaliana mwanzoni au bei ya soko siku ya hasara. Hapo ndipo kesi yote ilipo. Pikapu yangu ya 504 hapa Nakuru iliandikwa bei ya soko, na mkaguzi wao akaja na hesabu ya chuma chakavu. Nilikataa kutia sahihi ile hati ya kukubali malipo. Nikalipa mthamini wa kujitegemea, nikaambatanisha picha za kabla ya mvua, risiti za fundi na bei za 504 zinazouzwa. Wakapandisha malipo. Pesa hazikufika nilipotaka, lakini pikapu ilirudi barabarani.

Usiruhusu gari livutwe kabla hujalipiga picha kila upande, pamoja na lile tawi. Bodi ya gari hili lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978 ni adimu sasa, kwa hivyo fundi aandike bei ya kunyoosha, si ya kubadilisha.

Wakikaza, lalamika kwa maandishi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Mkataba wako sijauona. Weka hapa ukurasa wa masharti, ila ficha jina na nambari.