Jibu: Daktari aliagiza kwa simu, lawama ni ya nani?

Pole sana dadangu. Umesema daktari aliagiza insulini kwa simu, ukamdunga mgonjwa, sukari ikashuka vibaya, na sasa msimamizi wako anataka uiandike chati upya.

Hilo la chati usikubali. Maandishi yaliyogeuzwa baada ya tukio yakifika kortini yatakumaliza hata kama hukukosea. Ukiona umeandika visivyo, piga mstari mmoja juu yake, ya chini yaendelee kusomeka, kisha weka marekebisho pembeni pamoja na tarehe, saa na sahihi yako.

Kuhusu lawama: daktari ataulizwa agizo lake, nawe utaulizwa la mkono wako. Korti hutazama muuguzi mwenye ujuzi wa kawaida angefanya nini pale. Je, ulimsomea daktari tena dozi aliyotaja ili aithibitishe? Ulipima sukari kabla ya kudunga? Fidia, mara nyingi, hudaiwa mwajiri kwa sababu ulikuwa kazini, lakini hilo halikukingi na Baraza la Wauguzi la Kenya. Chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, ile ya wauguzi, baraza linaweza kukusimamisha au kukufuta kwenye sajili.

Andika maelezo yako leo, kumbukumbu ingali mbichi. Usipige picha faili ukaituma WhatsApp. Siri ya mgonjwa ni kesi nyingine kabisa. Na kabla hujatia sahihi karatasi yoyote ya hospitali, muone wakili. Hapa Mombasa wako tele Barabara ya Nkrumah. Tafadhali dadangu, wakikuita kwenye kikao cha kukuhoji, usiende peke yako.