Maswali ya Wasomaji: Meli za Kampuni ya Tramu

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya zamani ya meli ndogo ya mvuke inayofanana kabisa na behewa la tramu, na chini yake paliandikwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni ya reli ya umeme ya Minneapolis, Marekani. Kampuni ya reli ilikuwa na shughuli gani ziwani? Na je, ni kweli kwamba meli hizo zilizamishwa na wenyewe?

JIBU: Ni kweli zilizamishwa, na tutafika huko. Kwanza tueleze kufanana huko, maana hakukutokea kwa bahati. Meli hizo zilikuwa za Twin City Rapid Transit, kampuni iliyoendesha tramu katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimboni Minnesota, chini ya uongozi wa Thomas Lowry. Mwaka 1905 kampuni hiyo ilifikisha tramu zake katika mji mdogo wa Excelsior, ukingoni mwa Ziwa Minnetonka, magharibi mwa Minneapolis, na kwa sehemu ya safari ilipita katika njia iliyokwisha kutumiwa na reli ndogo ya mvuke tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Ili kuelewa sababu, tazama hesabu za kampuni ya tramu. Reli, nyaya na mitambo ya umeme ni gharama zilezile hata siku ya Jumapili, wakati viwanda na ofisi zimefungwa na mabehewa yanapita matupu. Ndiyo maana kampuni nyingi za aina hiyo nchini Marekani zilijenga bustani za burudani mwisho wa njia zao: aliyekwenda kupunga upepo alilipa nauli mara mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa siku ambayo vinginevyo asingepanda kabisa. Kwa bahati, Minnetonka ni ziwa lenye ghuba nyingi na rasi zinazopindapinda, na nyumba za mapumziko zilikuwa zimetawanyika kandokando yake, mahali ambapo reli isingeweza kuzifikia zote. Abiria akishuka Excelsior angebaki gatini akiyatazama maji. Hapo ndipo meli zilipohitajika.

Mwaka 1906 kampuni ilishusha majini meli sita zilizoundwa katika karakana zake yenyewe: Como, Harriet, Hopkins, Minnehaha, Stillwater na White Bear. Ya saba, Excelsior, iliongezwa mwaka 1915. Kila moja ya zile sita ilikuwa na urefu wa takriban mita 21, imepakwa rangi ya manjano ya tramu, na ndani ina viti vilevile vya kusukwa kwa henzirani ambavyo abiria alikuwa amevikalia dakika chache kabla, ndani ya behewa. Meli zilifuata ratiba, zikisimama gati baada ya gati kama tramu inavyosimama vituoni, hivyo mtu aliyeishi kando ya ziwa aliweza kufanya kazi mjini na kurudi jioni. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa ubunifu hasa, kuliko rangi: safari ya majini ilihesabiwa kuwa kipande tu cha njia ya reli.

Mwaka huohuo wa 1906 kampuni ilifungua bustani ya burudani katika kisiwa cha Big Island, yenye mnara mrefu ulioiga ule wa Giralda wa mji wa Seville, Hispania, na ikaweka vivuko vikubwa vya kupeleka umati huko. Bustani ilifungwa mwaka 1911. Msimu wa kiangazi katika Minnesota ni mfupi, na bustani iliyo kisiwani hula gharama ya vivuko kabla haijauza hata tiketi moja ya mchezo.

Husemwa mara nyingi kwamba tramu ndiyo iliyolifanya Minnetonka kuwa mahali pa mapumziko. Hapana. Miaka zaidi ya ishirini kabla yake, ziwa hilo lilikuwa na hoteli kubwa, mojawapo ikiwa Lafayette, iliyofunguliwa mwaka 1882 na James J. Hill, tajiri wa reli za mvuke, na wageni wengi wa ziwani walikuwa matajiri kutoka majimbo ya kusini waliokimbia joto la kwao na kukaa kwa majuma. Reli zilipozidi kuelekea magharibi, wageni hao walipata pengine pa kwenda, na Lafayette yenyewe iliungua mwaka 1897. Tramu ilileta mgeni wa namna nyingine: karani au fundi na familia yake, aliyefika asubuhi akiwa na kikapu cha chakula na kuondoka jioni.

Mgeni huyo ndiye aliyenunua gari miaka ya 1920, barabara zilipotengenezwa. Meli zikakosa watu. Mwaka 1926 huduma ilisitishwa. Hopkins iliuzwa, tatu zikavunjwavunjwa, na Como, Minnehaha na White Bear zikavutwa hadi karibu na Big Island na kuzamishwa kwa makusudi, kwa kuwa hakukuwa na matumizi mengine ya kuzifaa. Tramu za Excelsior nazo zilikoma mwaka 1932, na za mjini mwaka 1954.

SWALI: Je, kuna chochote kilichobaki?

JIBU: Kipo. Wazamiaji waliikuta Minnehaha sakafuni mwa ziwa mwaka 1979, ikaibuliwa mwaka uliofuata, na baada ya matengenezo ya miaka mingi ya watu wa kujitolea ikarudi kubeba abiria mwaka 1996, kazi iliyoendelea hadi 2019. Anayetaka kupanda tramu yenyewe anaweza kwenda Minneapolis, kando ya Ziwa Harriet, ambako makumbusho ya tramu huendesha mabehewa ya zamani kiangazi katika kipande kifupi cha njia ileile iliyokuwa ikielekea Excelsior.