Kwa wanaoanza staji: neva ndani ya kiungo kilichovimba

Wadogo zangu mnaoanza staji katika wodi za Bukavu, mtafundishwa mapema kwamba katika baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia viungo, na ndivyo ilivyo. Lakini neva nayo haipeleki habari za maumivu tu, bali humwaga kemikali zake ndani ya kiungo.

Anzeni na sabstansi P, iliyogunduliwa na von Euler na Gaddum mwaka 1931. Ncha za neva za maumivu zikichokozwa huitoa kwenye utando wa kiungo pamoja na nyingine iitwayo CGRP, na hapo mishipa midogo ya damu hutanuka, maji huvuja, chembe za kinga huvutwa, nazo hutoa vitu vinavyozidi kuichokoza neva. Mkimpata mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa amepooza upande mmoja kabla ya kuugua, laza mikono yake yote miwili juu ya shuka: huenda mkakuta vidole vya upande mzima vimevimba na kupinda, ilhali vya upande uliopooza havina uvimbe. Madaktari wameliandika jambo hili tangu zamani, na kwangu linafundisha kuliko mchoro wowote wa darasani, ingawa kutotumika kwa mkono huo nako huenda kunachangia.

Zipo pia kemikali za kutuliza: asetilikolini, kwa njia ya neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi tumboni, hupunguza utoaji wa TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe.

Kazini, andikeni uvimbe na maumivu kila kimoja peke yake kwenye fishi. Mama ambaye magoti yake yamenywea kabisa lakini bado halali usiku hadanganyi; pengine njia za maumivu katika uti wa mgongo na ubongo zimekuwa kali kupita kiasi, na kumwongezea dozi ya dawa za uvimbe kutamuumiza tumbo na figo bure. Mwulizeni daktari wenu kuhusu amitriptilini au duloksetini, zinazofanya kazi kupitia kemikali za neva ziitwazo serotonini na noradrenalini.

Pomada ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, huwasha siku za mwanzo kisha hupunguza nguvu ya ncha za neva; mwambieni mgonjwa avumilie, anawe mikono, asiguse macho, na asijipake pilipili mbichi ya soko la Kadutu, kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake.