Saa tisa usiku, nimpigie bingwa au nisubiri kukuche?

SWALI: Shikamoo, daktari. Nilihitimu udaktari mwaka jana, sasa niko utarajali, yaani mwaka wa mafunzo kazini, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, nimeanzia wodi ya watoto. Usiku tunabaki mimi na wauguzi wawili. Juzi nilimpigia daktari bingwa akanijia juu: "Kwani chuoni hukusoma?" Tangu hapo naiogopa simu. Nifanyeje nimalize mwaka bila kuonekana sijui kazi?
Mtarajali, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuhitimu. Mpigie. Usajili ulio nao sasa ni wa muda, na maana yake ni kwamba unatibu chini ya usimamizi wa aliyekutangulia. Kumwamsha ni sehemu ya kazi yako, na kuamka ni sehemu ya kazi yake. Maneno aliyokujibu hayakustahili, nami nasema hivyo kama daktari wa watoto ninayepokea simu za namna hiyo.

Ila kuna simu inayomwinua mtu kitandani na kuna inayomchanganya. "Daktari, kuna mtoto hali yake si nzuri" inamchanganya. Kabla ya kupiga, shika faili mkononi, kisha sema hivi:

"Shikamoo daktari, ni mtarajali wa wodi ya watoto. Nina mtoto wa miaka 3, kilo 12, malaria kali, amedegedeka mara mbili na hajazinduka. Anapumua mara 56 kwa dakika, oksijeni asilimia 88, sukari 1.9, wingi wa damu 3.8. Nimempa artesunate miligramu 36, dextrose ya asilimia 10 mililita 60, nimemwekea oksijeni na nimeagiza damu. Naomba uje."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo watarajali wengi huyameza. Wanaeleza vizuri kabisa, halafu wanakaa kimya wakitumaini bingwa atajiongeza. Sema unachotaka: aje, au akushauri kipimo cha dawa. Ukikata simu, andika kwenye faili saa uliyopiga na alichoagiza. Asipopokea, piga tena, kisha mtafute daktari mwingine wa zamu, na ikibidi mganga mfawidhi. Mtoto mwenye sukari 1.9 hasubiri kukuche, na hiyo dextrose, yaani maji ya sukari, hatakiwi kuisubiri hadi simu ipokelewe.

Kuhusu wauguzi: wasalimie kwa majina unapoingia zamu, na muuguzi mkongwe akikuambia "huyu wa kitanda cha dirishani simwelewi," nenda umwone saa hiyo hiyo, hata kama vipimo vimetulia. Macho yake yameona watoto wengi kuliko yako.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kuliacha. Ukijichoma sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda, toa taarifa na uombe dawa za kinga ya VVU usiku huo huo. Mwisho ni saa 72, na dawa zenyewe ni za siku 28. Wapo vijana wanaoona aibu wakanyamaza. Tafadhali, usiwe mmoja wao.

Na kitabu chako cha mafunzo kisainishwe kila wiki. Ukingoja mzunguko wako katika wodi hiyo uishe, unaweza kumkuta msimamizi yuko likizo.