Mpira unapiga katikati, skrini inasema kulia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefunga simuleta ya gofu chumbani, yaani napiga mpira kwenye turubai na projekta inaonyesha juu yake safari ambayo mpira ungekwenda. Kamera ni ile ya kukaa sakafuni pembeni mwa mpira, inanitazama. Napiga kwa mkono wa kulia. Kila mpira, kwa fimbo yoyote, unaondoka kulia kwenye skrini. Uwanjani sikuwa na shida hiyo. Nimeanza kubadilisha mshiko, na sasa hata uwanjani mipira yangu inakwenda kushoto. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza rudisha mshiko wako wa zamani, leo hii, kabla hujagusa kamera. Nakusihi. Nilipofunga simuleta yangu nilikaa miezi miwili nikitibu ugonjwa nisiokuwa nao, na ile dawa ilichukua muda mrefu zaidi kutoka mikononi kuliko ilivyochukua kuingia.

Umeandika “fimbo yoyote” na “unaondoka”, na hapo ndipo jibu lilipo. Mpira unaoanza sawa halafu ukapinda njiani umepigwa na uso wa fimbo ulioelekea kwingine kuliko njia ambayo fimbo inapita. Hilo ni la mpigaji. Unaoanza kulia tangu mwanzo, kwa kiasi kile kile, uwe umeshika draiva (ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali) au fimbo fupi, huo unasingiziwa na kamera iliyokaa mshazari.

Kamera haijui turubai lako liko wapi. Inapiga picha chache za haraka sana mpira ukiwa ndio kwanza umeachana na fimbo, inapima kasi na pembe, kisha programu inakokotoa safari yote iliyobaki. Mbele, kwa kamera ya namna yako, ni ule mstari ulio sambamba na uso wa kisanduku chake. Kisanduku kikigeuka, mbele nayo imegeuka.

Chukua kisanduku chenye urefu wa sentimita 20. Ncha moja ikisogea karibu na mstari wa mpira kwa milimita 7 kuliko nyingine, unene wa penseli tu, tayari umekosea karibu digrii 2. Kwa pigo la mita 200 hizo ni mita 7 pembeni. Kwenye turubai lililo mita 3 mbele yako ni sentimita 10, ndiyo maana jicho halishtuki.

Sasa piga magoti na uzi. Weka mpira katikati ya eneo ambalo kamera yako inalikubali (umbali kamili umo kwenye kitabu chake, usiukisie), uweke doa la rangi chini yake. Pima kwa futi kamba upate katikati ya picha ya projekta, maana lengo huchorwa hapo. Vuta uzi kutoka kwenye doa hadi hapo, ukaze. Usifuate ukingo wa mkeka wala ukuta. Mkeka huteleza kila unapopiga, na kuta nyingi hazikunyooka kama tunavyodhani. Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ncha mbili za kisanduku. Naamini utakuta ncha iliyo upande wa turubai ndiyo iliyo karibu zaidi na uzi. Kwa mpigaji wa kulia, kosa hilo ndilo linalosukuma mipira kulia. Irudishe nyuma kidogo kidogo hadi vipimo viwili vilingane.

Kama kisanduku chako kina pembe za mviringo na huna pa kushikia futi, tumia hesabu ya mafundi: sentimita 60 juu ya uzi kuanzia kwenye doa, sentimita 80 kuelekea kamera, na ukipima mshazari upate 100 kamili. Hapo una pembe mraba. Bandika tepu juu ya ule mstari wa 80, nayo kamera iutazame mpira kwa kufuata tepu hiyo.

Halafu urefu. Mkeka wa kupigia ukiwa na unene wa sentimita 3 na kamera iko kwenye sakafu tupu, inautazama mpira kutoka chini, na pembe ya kupaa itakudanganya. Ipandishe kwa ubao hadi ilingane na uso wa mkeka, kisha weka pima maji juu yake, kwa urefu na kwa upana.

Ukimaliza, simamisha simu nyuma ya mpira, sawa na uzi, urekodi mapigo 10 ya fimbo fupi kwa mwendo wa polepole. Mahali mpira unapogonga turubai ndiye shahidi wako. Skrini ikikubaliana naye, chora kwa rangi mahali kisanduku kilipokaa, kwa sababu siku moja kitapigwa teke na mtu anayefagia.

SWALI: Kamera yangu inasoma vizuri usiku. Mchana inakosa mapigo mengi, hasa jua likiingia dirishani. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Kamera nyingi za aina hii humulika mpira kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na jua limejaa mwanga huohuo. Taa za halojeni pia. Funga pazia zito, tumia taa za LED, na usiielekeze taa yoyote kwenye lenzi. Ondoa pia vitu vinavyong'aa nyuma ya mpira. Viatu vyeupe vyenye kung'aa vimewahi kunisumbua jioni nzima. Na ufute mipira. Kamera inayosoma mzunguko kwa kufuatilia alama juu ya mpira haiwezi kufuatilia alama iliyofunikwa na tope, na kama yako inahitaji mpira wenye alama maalumu, geuza alama iitazame lenzi kila unapouweka.