Nyumba za zamani za Kamalondo, Lubumbashi: maswali ya wasomaji

Swali: Ndugu wahariri, nyumba yetu ya matofali ya kuchoma ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Fundi masoni aliipiga lipu ya saruji ili ipendeze. Mvua zilipokuja lipu ikavimba na kubanduka, na matofali ya chini yanamumunyuka. Watoto wanataka tubomoe, tujenge ghorofa. Tufanyeje? (Mama wa Kamalondo)

Jibu: Mama, usibomoe kwanza. Kwaruza kiungo cha matofali kwa msumari. Kikitoka unga mweupe laini, ukuta ulijengwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa usoni. Saruji imefunga njia hiyo, basi maji yanapanda juu zaidi yakibeba chumvi. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma, na inakula uso wa tofali.

Anzeni mwezi wa 5, mvua zikikatika. Bandueni lipu mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu, tindo ikilazwa. Ikisimamishwa inavunja matofali. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Msioshe, maana maji yanairudisha ndani.

Kisha tazameni udongo wa nje, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Uwanja umefagiliwa na kujazwa miaka mingi mpaka umefikia sakafu. Chimbeni ubaki sentimita 20 chini ya sakafu, uteremke kuelekea mtaroni, na bati liwekewe mfereji. Bila hayo, kazi yote ya ukutani ni bure.

Acheni ukuta upumue hadi mwezi wa 7. Viungo vilivyooza vichokolewe sentimita 2, vilowanishwe, vijazwe chokaa 1 kwa mchanga 3 wa mtoni uliochekechwa. Chokaa iliyozimwa ilale kwenye maji usiku mzima. Ile isiyozimwa inachemka na kupofusha macho, watoto wasiikaribie. Lipu iwe tabaka mbili, kila moja isizidi sentimita 1, zipishane wiki moja, chini ya magunia mabichi. Fundi aking'ang'ania saruji, asizidishe 1 kwa chokaa 2 na mchanga 9. Mpake chokaa, si rangi ya mafuta. Mmalize mwezi wa 8, maana chokaa hukauka polepole na mvua zinarudi mwezi wa 10.

Ghorofa? Msingi ule ulichimbwa kwa nyumba ya chini tu. Msikubali mtu apandishe kuta juu yake.

Swali: Tuna livreti ya lojeri ya babu tu, kile kijitabu cha serikali cha kumruhusu kukaa kwenye kiwanja. Watu wameweka alama nyekundu ukutani, wanasema barabara itapanuliwa. Tuna haki gani?

Jibu: Mnayo. Kifungu cha 390 cha sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 kinasema Mkongomani mwenye livreti, katika mtaa uliopimwa na kuandikwa kwenye kadasta (daftari la serikali la viwanja), apewe hati ya konsesio ya kudumu, yaani haki ya kutumia ardhi bila kikomo. Nendeni ofisi ya hati za ardhi mkiwa warithi wote, kabla hamjaanza kugombana.

Rangi nyekundu si taarifa ya kisheria. Sheria ya 22 Februari 1977, ya serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, inataka uamuzi uchapishwe kwenye gazeti rasmi na mletewe barua mnayoisainia. Tangu siku hiyo mna mwezi 1 wa kupeleka malalamiko. Fidia hulipwa kabla hati haijabadilishwa jina, na isipite miezi 4 tangu hukumu iliyoipanga. Ikipita, mnaweza kuomba mahakama ifute uchukuaji huo. Leo hii tafuteni mawe ya mipaka, hata kama yamefukiwa, mpime na mpige picha. Ukuta uliotokeza barabarani ni vigumu kuudai.

Swali: Hakuna sheria ya kulinda majengo ya kale?

Jibu: Ipo, ya 15 Machi 1971, lakini inalinda hasa yaliyoorodheshwa. Lubumbashi inajivunia katedrali na jengo la tiyatri, na ni haki yake. Lakini Kamalondo, iliyoitwa komini Albert, ni historia ya mji huu vilevile, na nyumba zake nyingi hazina ulinzi ila wa wenyewe. Ulizeni idara ya utamaduni ya jimbo ombi la kuorodhesha linapelekwa wapi. Ambatisheni picha, mwaka wa kujengwa na ramani ya parseli (kiwanja).