Kwa mnaoanza kupanga magamba: tazameni ndani kabla ya nje

Wadogo zangu mnaokuja Kigoma kujifunza kazi ya moluska, yaani wanyama laini kama konokono na chaza, wengi mnaanza na konokono wa Ziwa Tanganyika, na mnafanya vizuri. Konokono ukishamjua sura, umemjua. Shida huanza siku mnapokutana na wale wa magamba mawili wanaojigandisha kwenye mwamba. Aliyekulia juu ya jiwe bapa huwa bapa. Aliyebanwa kwenye ufa hujipinda kuufuata ufa, na waliosongamana hurefuka kwenda juu kwa kukosa nafasi. Watatu hao wanaweza kuwa spishi moja, na mwanafunzi akawaandikia majina matatu.

Kwa hiyo umbo la nje lisubiri. Geuza gamba.

Anzeni na wa nyumbani, Etheria elliptica, aliyepewa jina na Lamarck mwaka 1807. Yumo ziwani humu, yumo Nile, Kongo hadi Niger. Watu humwita chaza wa maji baridi, na kwa nje hawajakosea sana: gamba nene, halina mpangilio, limeng'ang'ania jiwe. Lakini ndani lina mng'ao wa lulu uliochanganyika na kijani cha zeituni, na mara nyingi uso wake umevimba mapovu mapovu. Pitisha kidole utayasikia. Kisha tafuta makovu ya misuli inayofunga gamba. Yako mawili, moja mbele, moja nyuma. Chaza halisi wa baharini, wa familia ya Ostreidae, akishakua ana kovu moja tu, na ndani ya gamba lake hakuna mng'ao wa lulu. Etheria yumo kwenye oda ya Unionida pamoja na kome wanaojichimbia mchangani. Kujigandisha ni tabia iliyozuka mara nyingi katika koo mbalimbali, kwa hiyo yenyewe haithibitishi undugu.

Mkiletewa kasha la magamba ya Pwani, jiulizeni kwanza: ni gamba lipi lililogandishwa? Lishikeni bawaba, yaani pale magamba mawili yanapoungana, ikiwa juu, upande wa mdomo wa mnyama ukielekea mbele, mbali nanyi. Lililo mkono wa kulia ndilo la kulia. Kwenye gamba lenye kovu moja, kumbuka kuwa kwa kawaida kovu hilo limeegemea nyuma. Ostreidae hujigandisha kwa gamba la kushoto, akiwemo Saccostrea cucullata wa mikoko na miamba. Spondylus, yule wa miiba anayependwa na wakusanyaji, hutumia la kulia. Huyu msimweke na chaza hata kidogo: ndugu zake ni Pecten, wale wa gamba la umbo la feni, na bawaba yake ina meno mawili makubwa katika kila gamba, yanayoingia kwenye vishimo vya mwenzake na kujifunga humo. Ukiyalazimisha magamba yake yaachane, utavunja jino. Yule wa jenasi iitwayo Chama naye ana makovu mawili, na wengi wao hukaa kwa gamba la kushoto.

Anayewasumbua zaidi wanafunzi ni Hyotissa hyotis, naye wa baharini. Kila kitu chake kinasema Ostreidae, ila kovu lake ni la mviringo na limekaa karibu na bawaba, wakati la Ostreidae hufanana na figo. Chukua lenzi utazame ukingo uliovunjika: tabaka za gamba zimejaa vyumba vidogo vidogo vya hewa kama mkate uliopigwa hamira. Huyo ni wa familia nyingine, Gryphaeidae. Binafsi naipenda alama hii kuliko zote, kwa sababu hata kipande kilichotupwa na mawimbi kinatosha kuionyesha.

Halafu kuna mtego wa mistari. Chaza akikulia juu ya gamba lenye mifereji, gamba lake la chini hunakili mifereji hiyo, na la juu, linalofuata ukingo wa la chini, huibeba pia. Ukiona mapambo yasiyolingana na spishi, tazama alikokuwa amekaa kabla hujafurahia spishi mpya.

Majina ya juu, yaani ya familia na oda, nayo msiyashike kwa ukaidi. Zamani Etheria aliwekwa familia moja na Acostaea wa Kolombia na Pseudomulleria wa India, kwa kuwa wote hujigandisha mtoni. Vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2000 vikamtoa huyo wa India na kumpeleka kwenye familia ya Unionidae.

Kazini basi: piga picha kabla ya patasi kugusa jiwe, maana ukishambandua hujui tena alikaaje. Magamba yote mawili yafungwe pamoja, na kama la chini limegoma kutoka, chukueni na kipande cha jiwe. Msitumie dawa ya kung'arisha nguo. Maji na mswaki vinatosha. Lebo iandikwe kwa penseli, wino hutoka ukilowa. Andikeni kina, aina ya mwamba na gamba lililogandishwa. Jina la spishi linaweza kungoja mezani.